Jike Aliyesimama Kimya: Kisa cha Punda Mmoja wa Chamwino

Simu ilikuja jioni moja mwishoni mwa Septemba. Mama mmoja wa kijiji kilichopo wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma, alitaka kujua kama nina sindano ya kutuliza punda. Hakusema punda wake anaumwa. Alisema amekuwa mkorofi: amemng'ata kijana wake mara mbili, na akifika kwenye mteremko wakati wa kurudi kutoka kisimani anasimama, anakita kwato chini, hata apigwe vipi haondoki. Akamalizia, "Kama hakuna sindano, daktari, niambie tu, maana kuna mtu amekuja kumuulizia bei."

Mtu wa namna hiyo haji kutafuta punda wa kazi. Dodoma tunaifahamu biashara yake. Hapa punda wamechinjwa kwa ajili ya ngozi, ambazo huko China huchemshwa kupata gundi ya kutengenezea dawa iitwayo ejiao. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikutana Addis Ababa wakaafiki kusitisha biashara hiyo barani kwa miaka 15, na kila mfugaji anajua kwa nini kundi la punda likishavunwa halirudi upesi: jike hubeba mimba mwaka mzima na huzaa mtoto mmoja tu. Lakini punda aliyeshapata sifa ya ukorofi bado ana njia nyingi za kuishia kwenye kisu. Nilikwenda kesho yake.

Naandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu mara ya kwanza nilikikosea, na kosa lenyewe lilikuwa limeandikwa kwa mkono wangu kwenye karatasi yangu, kwa tarakimu, na sikulisoma.

Nilifika saa 6 mchana, jua la utosi. Nilipobisha na kusalimu "Mbukwenyi", mama alinikaribisha kwa kigoda, kijana wake wa darasa la 6 akanipa shikamoo, kisha wote wawili wakaanza kunieleza kwa pamoja. Jike yule alikadiriwa kuwa na miaka 9. Alinunuliwa mnadani akiwa mdogo, amebeba maji tangu alipokomaa, hajawahi kumdhuru mtu. Kisima cha mashine kipo juu kwenye mwinuko, kaya ipo chini tambarare, umbali wa kama kilomita 3. Anapanda na madumu matupu, anateremka na madumu 4 ya lita 20. Ukorofi ulianza baada ya mavuno, mwezi wa 7.

Nikauliza kama anakula. "Anamaliza vyote," mama akajibu. Nikauliza kama ameshatibiwa. Akaingia ndani akatoka na chupa mbili tupu alizokuwa amezitunza ndani ya kopo la mafuta. Aliyetangulia kumtibu alimchoma sindano 3 katika wiki 2. Chupa moja ilikuwa ya oksitetrasaiklini, ambayo vijijini hutumika kwa karibu kila kitu. Ya pili ilikuwa ya diminazini, dawa ya nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Kwa ng'ombe tunaitumia bila wasiwasi mkubwa, ila kwa punda na farasi nafasi iliyopo kati ya dozi inayotibu na dozi inayodhuru ni finyu. Hakukuwa na kipimo chochote kilichoonyesha nagana. Kulikuwa na punda asiyetaka kutembea, basi.

Nilimkuta amefungwa kwenye mgunga nyuma ya zizi, peke yake. Vijana wawili wa jirani walikuja kunisaidia. Mmoja akamkamata sikio, mwingine akamtia kitanzi cha kamba kwenye mdomo wa juu akakizungusha kwa kijiti, kama tulivyozoea kuona ikifanywa. Mara moja yule jike aliyesifika kwa kung'ata akasimama kimya. Hakurusha teke wala hakutikisa mkia. Nilimpima joto, nikasikiliza mapigo ya moyo, nikahesabu pumzi. Nikaandika: joto 37.4, mapigo 72 kwa dakika, pumzi 40 kwa dakika. Chini yake nikaandika maneno ambayo mpaka leo nikiyatazama naona aibu: "Mnyama ametulia wakati wa uchunguzi."

Jeraha halikuhitaji kutafutwa. Juu ya mabega, pale shingo inapoungana na mgongo, kulikuwa na kidonda chenye ukubwa wa kiganja, kimechubuliwa na mti wa mbele wa kitandiko wanachotundikia madumu. Kitandiko chenyewe kilikuwa miti miwili iliyofungwa kwa waya, na chini yake gunia moja lililochakaa likawa jembamba kama kanga. Nikajiona nimepata jibu. Punda akiteremka, mzigo unateleza mbele. Kilo 80 za maji zinahama kutoka mgongoni zinakuja kukaa juu ya kidonda, ndiyo maana anasimama mteremkoni na si kwingine. Uzito wa punda wetu ni kama kilo 120 hadi 150, na mzigo wa kubebeshwa mgongoni haupaswi kuzidi takriban theluthi ya uzito wake. Huyu alikuwa anabeba zaidi ya nusu.

Nikaosha kidonda kwa maji ya chumvi, nikanyoa manyoya pembeni yake, nikapaka dawa, nikamchoma kinga ya pepopunda, ugonjwa ambao Kiswahili kimeuita kwa jina lake mwenyewe. Nikamfunua mdomo kwa vidole nikatazama meno ya mbele ili kukadiria umri. Yalikuwa mazuri. Nikaufunga. Nikaagiza apumzike wiki 3 bila mzigo, nikaondoka nimeridhika. Maelezo yangu kuhusu mteremko yalikuwa sahihi, na ndiyo yaliyonipofusha.

Baada ya wiki 3 mama akapiga tena. Kidonda kimekauka, manyoya yanaota, lakini punda anazidi kukonda, na sasa anataka kung'ata hata akifuatwa na kamba tupu bila mzigo. Sauti yake haikuwa ya kulaumu, ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Sasa daktari, si unaona ni tabia yake tu? Asante ya punda ni mateke."

Methali hiyo ilinikaa kichwani njia nzima. Nilijaribu kukumbuka methali moja ya Kiswahili inayomtetea punda, nikakosa. Punda haendi bila kigongo. Punda afe, mzigo ufike. Tumelelewa nazo, tumeziimba darasani, na zikishakaa kwenye ulimi zinakuwa uchunguzi wa kitabibu kabla daktari hajafika: punda amesimama, basi ni mkaidi, lete fimbo. Ng'ombe akisimama njiani tunauliza ana nini. Punda akisimama tunaambizana yeye ni nani.

Safari ya pili nilifika saa 1 asubuhi. Pikipiki niliiacha mbali, kwenye mbuyu wa njia panda, na begi la dawa nikaliacha juu yake chini ya uangalizi wa mzee mmoja. Nilimwomba mama asimkamate punda, asimfunge, asifanye chochote ila yale anayofanya kila siku. Nikakaa kwenye kigoda kivulini, nikatulia.

Walikuwa punda wawili.

Yule wa pili ni binti wa huyu mgonjwa, jike wa miaka 4. Tangu mwezi wa 7 alikuwa ameazimwa kwa malipo kwa jirani mwenye kufyatua tofali, na juzi yake tanuri lilikuwa limechomwa, kazi imeisha, akarudishwa. Safari ya kwanza sikuuliza kama punda yule ana mwenzake. Niliuliza anakula nini, ametibiwa nini, ameanza lini. Nilikaa naye saa nzima akiwa peke yake chini ya mgunga, na haikunijia kwamba upweke ule ni sehemu ya historia ya ugonjwa. Punda hushikamana na mwenzake mmoja au wawili kwa miaka, na akitenganishwa naye huonyesha kwa mwili: halali vizuri, anaitaita, anakula kidogo. Asubuhi ile mama na binti walisimama shingo kwa shingo, kila mmoja akimkuna mwenzake mgongoni kwa meno, kwenye manyoya mapya yaliyoota pembeni mwa kovu. Yule "mkorofi" alikuwa amelegeza mdomo wa chini, macho nusu yamefumba.

Mama mwenye punda akawatupia mabua ya mtama. Hapo ndipo nilipoona.

Binti alitafuna kama punda anavyotafuna, taya likisaga kwenda upande na kurudi, mfululizo, bila kusimama. Mama mtu alichukua bua, akaliingiza, akatafuna mara nne tano upande wa kulia tu, kichwa amekiinamisha kidogo kama anayesikiliza kitu. Akasimama. Akaanza tena. Kisha akafungua mdomo, na kitu kikadondoka vumbini.

Kabla sijainuka mbuzi wawili walishafika. Nilimwahi mmoja. Kilikuwa kidonge cha mabua yaliyotafunwa nusu, kimelowa mate, ukubwa wa yai la kuku wa kienyeji. Nilikivunja kwa vidole. Nyuzi zilikuwa ndefu, zingine kama urefu wa kidole changu, zimepondwa lakini hazikukatwa. Punda mwenye magego mazima hatoi kitu kama hicho.

"Mavidonge hayo yapo kila siku," kijana akasema. "Mbuzi wanayagombania."

"Tangu lini, mwanangu?"

"Tangu tuanze kumpa mabua. Mimi nilijua ndivyo anavyocheza."

Kwa hiyo mama hakunidanganya aliposema anamaliza vyote. Chini palikuwa pasafi kila jioni. Waliomaliza walikuwa mbuzi.

Nikamwomba kijana anionyeshe anavyomvisha kamba kichwani, polepole. Aliposogea na kamba, masikio ya jike yalikwenda pembeni kisha nyuma. Kitanzi kilipopita puani hakufanya kitu. Kijana alipovuta fundo kulikaza, na fundo lake siku zote analiweka shavu la kushoto kwa kuwa anatumia mkono wa kulia, kichwa kiligeuka ghafla na meno yakafuata. Kijana alikuwa ameshajifunza kuruka. Nilimwambia aache kabisa. Nikapitisha vidole nje ya shavu lile, nikibonyeza kidogokidogo kufuata mstari wa magego ya juu. Kwenye gego la pili na la tatu ngozi yote ya shavu ilitetemeka chini ya vidole vyangu.

Nikiwa bado nimesimama hapo, binti yake amemgusa ubavuni, nilitafuta mshipa chini ya taya nikahesabu. Mapigo 46. Pumzi 20. Nikatoa mfukoni karatasi ya safari ya kwanza.

Punda mzima aliyepumzika ana mapigo kama 44 kwa dakika na pumzi kama 20. Safari ya kwanza nilikuwa nimeandika 72 na 40, nikajiambia ni joto la mchana. Joto la mwili, ambalo kwa punda huwa karibu 37.1, lilikuwa 37.4, kwa hiyo homa hakuwa nayo na jua halikuwa limemshinda. Mstari uliofuata ulisema "ametulia". Moyo unakimbia vile ndani ya mwili usiotikisika, nami nikaandika utulivu kwa sababu niliutazama mwili.

Hapa panahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa ndipo wengi wetu tunapokosea. Farasi akiogopa hukimbia. Ng'ombe husukumana na wenzake. Asili ya punda ni nchi kavu ya kaskazini mashariki mwa Afrika, ambako malisho ni haba, wanyama wanaishi wametawanyika, na kukimbia hovyo juani juu ya mawe kunaweza kumuua mnyama kabla ya simba. Punda akihofia kitu husimama, anakitazama, anakipima. Kusimama huko tumekuita ukaidi. Akishikwa kabisa na kuona hana pa kutokea, huganda, na kuganda huko tunakuita utulivu. Anayefahamu punda hutazama vitu vidogo: masikio yaliyolala pembeni, jicho lililofumba nusu bila usingizi, pua zilizokazwa kuwa kama mstari, uzito unaohamishwa mguu hadi mguu, kula kunakopungua kidogo. Na hata maumivu yenyewe hayapigii kelele. Farasi mwenye tumbo linalomsokota hujibwaga na kugaagaa. Punda mwenye tumbo hilohilo anaweza tu kusimama kona moja ameinamisha kichwa, na watu wakasema leo ni mvivu.

Kwa hiyo kitanzi cha mdomoni hakikunisaidia kumchunguza. Kilizima dalili zile zile nilizokwenda kuzitafuta. Kama ningembonyeza shavu siku ile, sidhani kama angetetemeka. Na zile sindano 3 za aliyetangulia, pamoja na yangu ya nne, zilikuwa zimeshamfundisha kwamba mtu mgeni akija na begi, kinachofuata ni kushikwa sikio na kuchomwa.

Chuoni tulikariri uhuru 5 wa mnyama, orodha yenye mizizi katika ripoti ya kamati ya Brambell iliyotolewa Uingereza mwaka 1965: asiwe na njaa wala kiu, asikae pabaya, asiumie wala kuugua, aweze kuonyesha tabia za asili yake, asiishi kwa hofu. Tuliiandika kwenye mitihani. Nikiri kwamba nilikuwa naiona kama kipimo cha kumpimia mfugaji: una maji, una kivuli, haya tuendelee. Karatasi ile ilinionyesha kwamba hofu kubwa kuliko zote katika kisa hiki, kwa saa ile moja, ilikuwa ni mimi.

Mwenzangu niliyempigia simu alishauri punda aletwe mjini, ambako kuna mahali pazuri pa kufanyia kazi ya meno. Nilikataa, na sababu yake si huruma tu. Punda akiacha kula, kwa maumivu au kwa msongo wa kutenganishwa na kusafirishwa, mwili huanza kumwaga mafuta yake kwenye damu kwa wingi kuliko ini linavyoweza kuyahimili. Damu yenyewe ikikaa kwenye bomba huonekana ya maziwa. Wanaoathirika zaidi ni punda wanene na wenye mimba, lakini aliyekwisha kupunguza kula kama huyu sikutaka kumjaribu. Msongo peke yake unaweza kumuua. Vifaa vikaja kijijini.

Siku ya kazi hatukumshika punda sikio. Binti alifungwa hatua mbili mbele yake, mahali anapomwona. Nilimchoma zailazini baada ya kumpapasa shingo kwa muda, nikamwacha. Dawa ya kutuliza haifanyi kazi vizuri kwa mnyama aliyekwisha kupandwa na hofu; unaweza kuongeza dozi na kuongeza na bado akasimama macho wazi. Na punda mara nyingi huhitaji kiasi kikubwa kuliko farasi. Watoto waliambiwa wakae mbali, redio ya jirani ikazimwa. Baada ya dakika 10 hivi kichwa kilishuka chenyewe.

Nikamwekea kifaa cha kushikilia mdomo wazi, nikavaa taa ya kichwani, na kwa mara ya kwanza nikatazama pale nilipopaswa kutazama mwezi mmoja kabla. Taya la juu la punda ni pana kuliko la chini, na magego hujitokeza kutoka kwenye fizi kwa miaka mingi huku yakisagana na kulika. Pale yasipokutana sawasawa hubaki kingo: nje kwenye magego ya juu, zikielekea shavuni, ndani kwenye ya chini, zikielekea ulimini. Huyu alikuwa na kingo kali kama kigae cha chungu. Shavu la kulia lilikuwa na michubuko ya kawaida. Shavu la kushoto lilikuwa na donda ukubwa wa sarafu ya shilingi 50, kingo zake nyeupe, na mkabala wake, kwa nje, ndipo fundo la kamba lilipokuwa likikaa. Kila asubuhi kijana alikuwa anakaza kamba na kulibandika shavu kwenye ncha ya jino. Yule jike alikuwa anavumilia, kisha anang'ata.

Kusaga kwa tupa kulichukua kama dakika 40. Sikutafuta urembo wa meno laini kabisa, maana jino linahitaji ukwaru wake ili lisage; niliondoa ncha tu. Nikampa dawa ya maumivu, kwa kuwa zailazini ikiisha donda linabaki. Kwa siku 10 mabua yalikatwakatwa vipande vifupi kwa panga na kulowekwa pamoja na pumba na mashudu kidogo ya alizeti. Kamba ya manila ilitupwa. Mama alishona mkanda mpana wa gunia la katani uliokunjwa mara tatu, unaokaa juu karibu na mfupa wa shavu, mbali na magego, bila fundo la kukaza.

Sehemu ya mzigo ilikuwa ngumu kuliko meno.

Ukisema punda abebe madumu 2 badala ya 4, umesema safari 2 badala ya 1, kilomita 6 zaidi kwa siku, na mwenye kuzitembea ni mtoto ambaye saa 2 kasorobo anatakiwa awe kwenye mstari wa shule. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ipo, na ningeweza kuitaja pale chini ya mgunga. Sikuitaja. Mama yule alitunza chupa za dawa ndani ya kopo, alipiga simu mara mbili, alimkatalia mnunuzi wakati fedha ile ingemfaa. Kumsomea sheria kungemfunga mdomo kama kitanzi kile kilivyomfunga punda wake.

Tulikaa tukapiga hesabu. Punda wawili wakibeba madumu 2 kila mmoja, maji ni yaleyale na safari ni moja. Lakini binti ndiye anayeingiza fedha ya tofali. Mama alifikiri kwa muda mrefu, akichora vumbi kwa kijiti. Mwishowe akasema ataacha kumwazima siku za shule, atamtoa Jumamosi tu, na hata hiyo Jumamosi arudishwe alale nyumbani. Fedha itapungua. Sikuwa na la kumfidia, na sitaki kuandika hapa kana kwamba haikumgharimu.

Kitandiko tulikitengeneza upya siku ileile. Mito miwili ya gunia iliyojazwa nyasi kavu, mmoja kila upande wa uti wa mgongo, katikati pamebaki mfereji ili mti usiguse mfupa. Na mkanda mmoja mpana wa nyuma unaozunguka mapaja chini ya mkia. Huo mkanda wa nyuma ndio kila kitu mteremkoni: punda akishuka, mzigo unavutwa na mapaja badala ya kuja mabegani. Ni kitu cha gunia na kamba, hakihitaji duka.

Nilidhani donda la shavu likipona kung'ata kutaisha. Baada ya wiki 2 shavu lilikuwa limefunga, na kijana akaniambia bado anakunja masikio akiona kamba. Maumivu yalikuwa yameondoka, kumbukumbu yake haijaondoka. Kwa hiyo nikampa kijana kazi ambayo daktari hawezi kuifanya kwa sindano. Kila jioni, muda wa kusoma ukurasa mmoja wa kitabu chake, asimame na ule mkanda mahali ambapo punda anamwona lakini hajakunja masikio. Asisogee. Punda akishusha kichwa au akilamba midomo, auweke mkanda nyuma ya mgongo wake na kumpa uwele kiganjani. Kesho yake hatua moja karibu zaidi. Masikio yakikunjwa, arudi nyuma, asipige kelele. Nilimwonya kwamba akimshika kwa nguvu siku moja tu atarudi mwanzo.

Kijana alitunza hesabu kwa mkaa kwenye ukuta wa zizi, mstari mmoja kwa kila siku. Siku ya 11 jike aliingiza pua yake mwenyewe ndani ya mkanda kufuata uwele. Kijana alinipigia kwa simu ya mama yake usiku ule, anaongea haraka hadi nikamwomba arudie.

Nilipita tena Januari, mvua zimenyesha, majani yameota hadi pembeni ya barabara. Mbavu za jike zilikuwa hazionekani tena. Chini palikuwa na mabaki machache ya majani mabichi na hapakuwa na vidonge. Mama aliniambia mteremkoni hasimami, isipokuwa siku moja mkanda wa nyuma ulipokatika. Alisimama palepale, wakashusha madumu, wakaufunga, akaendelea. Kijana akamwita, akaja, akavikwa mkanda huku akitafuna.

Mimi nilitaka kumpima mapigo tu. Nilitoka na begi mkononi, nimejisahau. Aliliona kabla sijavuka zizi, akageuka, akaenda kusimama upande wa pili wa binti yake, masikio pembeni. Nikarudi nikaliweka kwenye pikipiki. Hata hivyo hakunisogelea siku ile, nami sikumfuata.